Jina la Mwenye Wimbo

Mama Delphine alikuwa anachagua mchele, saa nane ya mchana, siku moja kabla ya Noeli, redio ya jirani ilipopiga wimbo wa marehemu bwana yake kwa saksofoni. Papa Gérard akaingia. Alivaa kostime, suti ile waliyomzika nayo kule Kambove miaka sita iliyopita, na udongo mwekundu ulimfika magotini. Alisimama karibu na ukuta akingoja mtangazaji ataje mwenye wimbo. Mtangazaji akasema Stéphane.

Ilikuwa mara ya nne wiki ile. Mara tatu za kwanza Gérard alirudi kaburini kwa miguu. Leo aliketi mlangoni akasugua vifundo, maana Kambove ni mbali na wafu nao wanachoka.

“Simama,” Delphine alimwambia. “Tuende Golf, kwa Stéphane.”

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Siku ya kumaliza kilio, walipogawa vitu vya marehemu, yeye mwenyewe alimpa Stéphane, kijana wa kwaya, kaye ya nyimbo, daftari la marehemu, kwa kuwa Gérard ndiye aliyemfundisha kinanda. Katika kwaya yao, kabla ya kuimba, kiongozi hutaja aliyetunga. Kama amekufa, watu wote wanasimama kwanza. Hapo marehemu anajua kazi yake imepokelewa, analala. Stéphane alikuwa amesimama hivyo mara nyingi, kwa ajili ya wafu wengine.

Ndani ya busi, receveur, mkata tiketi, alimwambia Papa Gérard asogee, hata marehemu hakai nafasi ya watu wawili.

Kule Golf, mtaa wa wenye pesa, kwenye karamu ya Noeli ya Stéphane, orkestra ilikuwa tayari chini ya hema. Mgeni mmoja alimpa marehemu Fanta. Dorine, mke wa Stéphane, alimpima Delphine kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa, akasema wenye kuomba msaada wanapitia jikoni. Delphine alipita mbele yake, akamfuata Stéphane.

“Mutoto, sema jina yake mara moja tu. Arudi kulala.”

“Mama, ile mwimbo ilikuwa inalala mu kaye. Miye njo niliilamusha. Mweye mulikuwa munaiimba sawa bantu benye njaa.”

“Na mu kaye ulikuta jina ya nani?”

Stéphane alipangusa saksofoni yake. “Nikisema jina yake leo, kesho batauliza mwimbo yangu iko wapi.”

“Basi unajua.”

“Ninajua, mama. Mwikale, mukule.”

Akaenda mbele, akautangaza kuwa wimbo wake, akaanza kuupiga. Delphine alishika rozari, akamwomba Mungu akaushe midomo ile. Mungu hakuikausha. Kisha aliuona mguu wa bwana yake. Ulikuwa unakanyaga katikati ya mapigo, pale pale alipokuwa akiwakemea wanakwaya wasikanyage. Gérard aliupenda muziki ule. Hilo lilimuuma Delphine kuliko wizi, na katika busi ya kurudi aliketi mbali naye.

Mwaka uliofuata, siku ileile kabla ya Noeli, Papa Gérard hakupitia nyumbani. Alienda Golf moja kwa moja. Delphine alifika kuona kwa macho yake. Walikuwa wamemwekea kiti mstari wa kwanza, na sahani ya bukari, ugali wa kwao, na samaki. Kwenye kiti walibandika karatasi: *Invité*, yaani mgeni mwalikwa. Stéphane alipotangaza jina lake mwenyewe, Papa Gérard alisimama, peke yake, mikono pembeni, kama wanavyosimama kwenye kwaya kwa ajili ya marehemu aliyetunga.

Dorine, nyuma yake, akamgusa bega, akamwomba aketi kwa sababu anazuia watu kuona.

Akaketi.