Samaki Walioshiba

Mtaa mzima ulimwita Bwana Samaki, na jina hilo alilipokea kwa kicheko. Kazi yake katika idara ya afya ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na ndoo, akitia kwenye matangi ya maji samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole, wale wanaokula viluwiluwi wa mbu. Kila mlango alirudia maneno yale yale: "Msiwalishe! Wakishiba chakula chenu, mbu wataneemeka." Watoto wa mtaa walikuwa hodari wa kumwigiza. Nyumbani kwake tu ndiko ambako hakusema. Alitia samaki tangini, akaenda zake kuwaonya wengine. Mganga hajigangi.

Malaria ikamchukua bintiye wa pekee, ndiyo kwanza ameanza shule.

Waombolezaji walipotawanyika, alikwenda uani akafunua tangi. Viluwiluwi walikuwa tele, wakijipinda juu ya maji. Samaki nao walikuwa hai, wanene, hawana habari nao. Alikuwa bado ameinama, haelewi, mama yake mzazi alipotoka jikoni na kipande cha mkate.

"Nipishe mwanangu, niwape wageni wangu."

"Mama, kumbe unawalisha?"

"Si tulikuwa tunawalisha na mjukuu wangu, kila asubuhi. Mkate wake anaukata, nusu yake, nusu yao. Nikimwambia, mke mwenzangu, kula ushibe, ananijibu, 'Bibi, na wao wana njaa.'" Sauti ikamkatika. "Sasa nani atawapa, kama si mimi?"

Maneno yalimjaa kinywani. Alijua akiyatoa, yatammaliza mama yake pale pale, na makombo mkononi. Na kosa lilikuwa la nani, kama si lake yeye aliyeonya mtaa mzima akasahau kwake? Akasogea pembeni.

"Wape, mama," alisema. "Wape washibe."

Tangu siku hiyo huamka kabla ya mama yake, huchukua chujio la chai na kuinama juu ya tangi. Huvua viluwiluwi mmoja mmoja mpaka maji yatakate. Kisha hulifunika, hurudi kitandani, na kulala macho wazi akimsikiliza mama yake anavyowaita samaki waje kula.