Kurasa Kumi na Moja Mlangoni

Jana alasiri Sikudhani Kalinga, mwalimu wa sekondari anayeandika riwaya ya fantasia kwa vijana, alisinzia juu ya muswada wake, akaota yumo ndani ya sura ya tatu.

Nyamizi, shujaa wake wa miaka kumi na mitano, alikuwa amesimama mbele ya lango la shaba, mguu mmoja hewani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona huingii?"

"Bado unalieleza lango. Huu ni ukurasa wa kumi na moja. Mguu umekufa ganzi."

Sikudhani alilitazama lango. Lilikuwa limevaa vivumishi vyote alivyoliandikia, kimoja juu ya kingine, kama mtu aliyevaa makoti yote ya nyumbani kwao.

"Nasikia joto," lilisema lango. "Na yule kijana humu ndani alikuwa akiita. Sasa kanyamaza."

Kijana huyo ni Kasanda, kaka yake Nyamizi. Laana ilikuwa ikimgeuza jiwe kuanzia nyayoni, na dada yake tu ndiye angeweza kuivunja, kwa kumwita jina akiwa amemshika.

"Jiwe limefika wapi?" aliuliza Sikudhani.

"Ulipoanza kunieleza lilikuwa magotini. Ulipomaliza nakshi za simba, kidevuni."

Sikudhani analivua lango vivumishi kwa mikono miwili: linalong'aa, la kale, lenye kutisha. Anafuta kila kitu. Lango linashukuru, linajinyoosha, linakwenda zake.

Nyamizi anaruka ndani, kisha anaanza kuanguka. Hakuna sakafu. Sikudhani ameifuta pamoja na lango.

"Mwalimu! Nikanyage wapi?"

"Vigae vya baridi!"

Vigae vinatokea chini ya nyayo zake.

"Halafu?"

"Harufu ya moshi, kushoto!"

Nyamizi anaifuata harufu mbio. Ukuta wenye unyevu: anaupapasa, anakata kona. Mwanga mdogo: anaukimbilia. Sikudhani anampa neno moja, naye anapiga hatua moja, hadi anapoyaona macho ya kaka yake yakipepesa juu ya shingo ya jiwe.

"Kasanda!" anaita, amemkumbatia.

Jiwe likapasuka.

Kasanda alikohoa, akajipangusa, akamfuata Sikudhani na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mwalimu. Nilikuwa nakusikia ukilieleza lango. Lilikuwa zuri sana, ila mimi nilikuwa nakufa."

"Nisamehe, mwanangu. Na ahsanteni kwa kunisubiri," alisema Sikudhani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kitabu kile, alilia kwa furaha.

Alizinduka shavu likiwa limenata kwenye karatasi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa cheupe kwa vumbi la jiwe, na juu ya vumbi hilo palikuwa na alama za vidole virefu kuliko vyake.

Hakunawa. Alishika kalamu kwa mkono uleule, akaanza kukata vivumishi.