Aliyejitoa Kwenye Sura ya Nne

Simu ya mama mdogo ilimkuta Maswali kwenye foleni ya duka la kujalidi vitabu, tasnifu yake ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Maswali lilikuwa jina la nyumbani, alilopewa tangu alipojua kusema "kwa nini" na kuwanyima watu usingizi. Chuoni alikuwa mmoja wa wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho walioruhusiwa kuandika utafiti wa kuwania daraja la heshima. Anayelipata husomeshwa bure shahada ya pili. Anayelikosa hupewa shahada ya kawaida na mkono wa kwaheri. Na mwisho wa kukabidhi ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri.

"Mwanangu, dada kaniambia tunakuja wote siku ya utetezi wako," mama mdogo alisema. Hakusalimia, yeye ambaye salamu zake peke yake humaliza salio la simu. "Hata kaka anakuja."

"Ndiyo, mama mdogo. Mama kaalika ukoo mzima, utadhani naolewa."

Mama mdogo hakucheka. "Yale niliyokwambia yamo?"

"Yamo. Ila jina lako halimo, kama nilivyokuahidi."

"Mlango wa nyuma umo? Kituo cha basi kimo?"

"Vimo," Maswali alikiri.

"Basi kaka atanijua hata hujafika mbali. Nitoe, mwanangu. Ile karatasi ya ridhaa ulinisomea mwenyewe. Ulisema naweza kujitoa wakati wowote kabla hujakabidhi, na hakuna wa kuniuliza sababu. Au umeshakabidhi?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka.

"Nimeshakabidhi," alisema.

"Haya, mwanangu," mama mdogo akasema taratibu. "Basi tena." Akakata.

Ieleweke alichokuwa anaombwa. Utafiti wake ulihusu watu wanaouguza wazazi wao nyumbani kwa miaka mingi. Alihoji wengi, na karibu wote walimwimbia wimbo mmoja: ni baraka, sijachoka, namshukuru Mungu. Baraka zilijaa kwenye kinasa sauti hadi akaanza kuzichukia. Kisha akaketi na mama mdogo, aliyemuuguza bibi mpaka siku ya mwisho, na ambaye siku ya mazishi mjomba, kaka yao mkubwa, alisimama mbele ya watu akamsifu huku analia. Mama mdogo hakuimba. Alisema kwamba siku moja alimwogesha mama yake, akambadilishia shuka, akamfungia ndani, akatokea mlango wa nyuma. Akaenda kuketi kituo cha basi hadi jua likazama, mabasi yanakuja na kuondoka, naye anaomba akirudi amkute mama yake ameshakwenda. Aliporudi bibi alikuwa macho, akamuuliza: "Umekula?"

Sura ya nne nzima ilisimama juu ya siku hiyo. Bila sura ya nne, tasnifu ilikuwa kapu la baraka.

"Dada, zamu yako," mjalidi alimwita. "Nikuwekee jalada la rangi gani?"

Maswali alisimama pale ameshika tasnifu yake, watu nyuma yake wakaanza kusonya. Alijiambia maneno yote ambayo mtu hujiambia akitaka kufanya jambo baya kwa roho safi. Kwamba huenda mjomba asielewe. Kwamba mama mdogo ameshakubali, si amesema haya? Lakini ile "haya" ilikataa kumtoka masikioni. Mama mdogo alikuwa ameamini bila hata kuuliza mara ya pili. Akatoka kwenye foleni, akakimbilia ofisi ya msimamizi wake.

Msimamizi huyo, profesa mwembamba wa miwani minene, wanafunzi walimwita Nyundo, maana tasnifu ya kubabaisha haikutoka mikononi mwake ikiwa nzima. Alimsikiliza Maswali mpaka mwisho, pamoja na ule uongo. Kisha akainuka, akafunga mlango, na Maswali akajiandaa kupigwa.

"Saa ngapi sasa?" Nyundo aliuliza kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali.

"Saa nane na nusu, profesa."

"Kuna watu wanafundisha miaka thelathini hawaletewi sura kama hiyo yako ya nne." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Mimi mzee, masikio yangu mabovu. Inawezekana sijasikia ulichoniambia. Ukitoka hapo mlangoni, ni mwanafunzi aliyekuja kunisalimia akaenda kukabidhi kazi yake."

Laiti Maswali angegombezwa, angejitetea. Hakujiandaa kufunguliwa mlango.

"Na nikiitoa, daraja la heshima nitalipata?"

"Hulipati," Nyundo alisema. "Sitaki kukuvisha kilemba cha ukoka. Utafaulu, basi."

Maswali alikaa pale akiichukia karatasi ile ya ridhaa, akimchukia mama yake na mialiko yake, na kwa kitambo kidogo akamchukia hata mama mdogo. Kisha akajikaza kisabuni, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya profesa. Aliichagua sura ya nne kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, akaifuta. Alipopanga upya namba za kurasa akakosea. Nyundo alizipanga yeye.

Akiwa njiani kurudi dukani alipiga simu. "Mama mdogo, nilikudanganya. Nilikuwa sijakabidhi. Nimeshakutoa."

"Umenidanganya mimi?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Na wewe itakuwaje?"

"Mimi nitajua," Maswali alisema, ingawa hakujua chochote. Alikabidhi kazi huku mwanamke wa ofisini ameshika kufuli tayari.

Siku ya utetezi ukoo ulijaza safu mbili za nyuma. Mama alivaa kama bibi harusi mwenyewe. Mjomba alikaa katikati ametandaza mikono, na mama mdogo pembeni kabisa, mkoba mapajani.

Mtahini kutoka nje alikuwa mwanamke wa sauti laini. "Umeandika vizuri," alisema, "lakini kazi yako inanitia shaka. Watu wote hawa wanauguza miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyechoka? Hukumpata mtu wa kukwambia ukweli, au hukumtafuta?"

Nyundo aliinamia kalamu yake. Maswali angeweza kusema kwamba kuna mshiriki aliyejitoa, sheria ilimruhusu. Lakini mjomba hakuwa mjinga. Angeanza kujiuliza ni nani, na katika ukoo ule wauguzaji hawakuwa wengi.

"Sikutafuta vya kutosha," alisema.

Mtahini aliandika kitu, akafunga faili. Walimtoa nje, wakamwita tena, wakampa mkono: amefaulu, shahada ya kawaida.

Kwenye korido mama yake hakusubiri hata mlango ufungwe.

"Hukutafuta? Wewe, Maswali, leo ndiyo umekosa maswali? Si ungemuuliza hata mama yako mdogo? Kamuuguza bibi yako miaka yote ile, yuko hapo hapo, ungemuuliza tu!"

"Mama, tuondoke."

"Uvivu! Umetuita watu wazima tuje kuaibika!"

"Aliniuliza, dada," mama mdogo alisema.

Wote wakageuka.

"Aliniuliza, nikamjibu. Halafu nikamwambia anifute, naye akanifuta. Hilo daraja alilolikosa, nimelichukua mimi." Akamgeukia kaka yake. "Siku moja nilimfungia mama ndani nikaondoka. Nilikaa kituo cha basi mpaka jua likazama, nikiomba nikirudi nimkute amekufa. Kaka, yule uliyemsifu makaburini ndiye huyo."

Maswali alimshika mama mdogo mkono. Mwenyewe alikuwa akimwangalia mjomba, akingoja radi itoke huko, kwa hiyo hakumwona mama yake mpaka aliposikia sauti yake, ndogo, isiyo ya kwake.

"Ilikuwa Jumapili," mama alisema.

Mama mdogo akamtazama.

"Zamu ilikuwa yangu. Nilikupigia kukwambia sitaweza kuja, nikasikia magari. Nikakuuliza uko wapi, ukasema niko ndani, ni redio." Mama alikuwa ameegemea ukuta, nguo yake nzuri inajipaka chokaa. "Nilijua si redio, mdogo wangu. Ningekuuliza tena, ingebidi nije."