Mstari wa Chokaa Barabarani Kisanga

Mimi ndiye mshenga wa Deogratias, na nasema wazi kwamba wataalamu nusura waniaibishe.

Mwaka ule magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yamejaa nchini, mengine yana kioo cha ramani kinachoongea. Mtaalamu mmoja, Lucy, akaja Kilosa kupima kama kioo hicho kinamvuruga dereva. Akamwajiri Deogratias, akafunga nyuma ya gari ndoo ya chokaa iliyotobolewa chini. Gari likiyumba, mstari wa chokaa nao unayumba.

Safari ya kwanza kwenda Mikumi, kioo kikiwa kimezimwa, mstari ulipinda kila penye mtu mzima. Deogratias ana adabu. Haamkii watu kwa honi. Hutoa mkono, kichwa na nusu ya bega dirishani. Lucy akanuna.

Safari ya pili kioo kikawashwa. Mwanamke wa Kijapani akaanza kumsemesha, na ramani ikaonyesha gari liko katikati ya bahari. Deogratias hakubandua macho pale. Mstari ukanyooka kama uzi, Lucy akabaki kinywa wazi. Lakini Kisanga, alikuwa amesimama Mama Sesilia kando ya shamba lake la mahindi, mama wa binti tuliyekuwa tunamposa. Akapunga mkono. Gari likampita.

Jioni nikaitwa kwake.

"Mshenga, mtu asiyeniona nimesimama barabarani, ataniona nikiwa kitandani naumwa?"

"Dada yangu, ni kile kioo."

"Basi akakioe hicho kioo."

Nilichukia mpaka chakula kikanishinda. Asubuhi nikamwomba Lucy safari moja zaidi, kioo kizimwe. Akakubali, kwa sababu majibu yake mwenyewe hakuyaamini. Nikapanda kiti cha nyuma.

"Mwanangu," nikamwambia Deogratias, "leo msalimie mpaka aridhike."

Mama Sesilia alikuwa palepale, amefunga mikono kifuani. Deogratias akaachia usukani, akatoa mikono yote miwili nje na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

Gari likavuka mtaro, likaingia kwenye mahindi yake na kulalia matuta. Lucy akasema kipimo kimeharibika, na kwamba atatafuta dereva mwingine. Mimi nikafumba macho, nikajua posa imekwisha.

Mama Sesilia akayatazama mahindi yaliyolala, kisha akasogea dirishani taratibu.

"Marahaba, baba," akasema. "Mkeo yuko kisimani. Shuka umsubiri."