Dumu la Mwisho la Tihomir

Miaka yote ya ndoa yake Vidosava alimtazama mumewe kupitia dirisha la jikoni, kahawa ikichemka. Tihomir alitoka na kitambaa begani, akajipiga ishara ya msalaba mbele ya trekta kama mtu anayeingia kanisani, akafungua kifuniko nyuma ya kiti na kuchomoa kijiti cha kupimia oili ya haidroliki, ile inayonyanyulia plau na mizigo. Alikifuta, akakichovya tena, akakiinua kwenye mwanga. Akiridhika, alipiga mluzi. Tangu azikwe wakati wa baridi, kitambaa kile kilikuwa begani mwa mjane wake. Hakuna aliyemfundisha, jicho lilikuwa limeshasoma.

Asubuhi hiyo kijiti kilitoka kikavu. Alikifuta, akachovya tena. Kikavu.

Trekta lilikuwa limerudi jana kutoka kwa jirani yake Slavoljub, aliyeliazima pamoja na tela kusomba samadi. Alilirudisha limeoshwa mpaka linang'aa, tela likiwa bado limefungwa nyuma, bodi yake imeinuliwa maji yachuruzike. Vidosava aliinama akatazama chini. Hapakuwa na tone. Oili isiyomwagika ardhini, aliwaza, imeingia kwa mtu. Na trekta la Slavoljub, kijiji kizima kilijua, lilikuwa halinyanyui plau vizuri tangu masika.

Alileta dumu la mwisho alilonunua marehemu, akamimina mpaka kijiti kikaonyesha. Dumu lote liliisha, na kila funda lilimchoma moyo.

Ndipo Slavoljub akasukuma lango. "Umeamkaje, shemeji? Watu wa kukusaidia kusomba kesho nimeshawapata. Mvua haitayakuta majani yako uwandani."

Kesho ilikuwa sikukuu ya Maria wa Moto. Siku hiyo hakuna anayegusa shamba lake, maana mtakatifu huyo huchoma lundo la mkaidi. Lakini shamba la mjane si dhambi, ni baraka; majirani wote huja. Vidosava naye alikuwa amefunga wiki nzima ili asubuhi hiyo apokee Ushirika Mtakatifu.

"Slavoljub," alisema, "oili yangu imekwenda wapi?"

"Oili gani?"

"Ya haidroliki. Kijiti kikavu kama mfupa. Nasikia trekta lako sasa limepata nguvu."

Slavoljub alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo, akaivaa tena. "Jeneza la Tihomir nimelibeba kwa bega hili, shemeji. Basi kesho tafuta dereva mwingine." Akaondoka, akalifunga lango taratibu. Afadhali angelibamiza.

Ndani, mbele ya picha ya Mtakatifu Nikola, Vidosava alisema, "Nimesema ukweli tu." Nje wingu lilikuwa limeanza kunenepa upande wa mto Sava, na majani yamelala yamekatwa. Moyo wenye kinyongo hauendi kwenye Kikombe cha Ushirika. Hilo alilijua tangu utotoni. Lakini je, aliyeibiwa ndiye aombe radhi?

Akaamua atayasomba mwenyewe. Akapanda kwenye kiti, akavuta wenzo kushusha bodi ya tela. Bodi ilishuka ikihema polepole. Nyuma yake akasikia kitu kinabubujika. Aligeuka, akashuka ngazini: oili ilikuwa inafurika kwenye kifuniko, inateremka kwenye ngazi, inaingia viatuni mwake.

Akasimama palepale, miguu ikiwa na uvuguvugu. Oili yake haikuwa imeenda popote. Ilikuwa juu, ndani ya jeki ya tela iliyoshikilia bodi kwa oili ya trekta, na sasa imerudi nyumbani ikakuta mahali pake pamejaa. Akakumbuka mlio wa chuma aliousikia kila jioni akiandaa meza. Siku zote alidhani ni mlango wa banda. Kumbe Tihomir alikuwa akishusha kila kitu kipumzike, ndipo kesho apime. Dirisha la jikoni halikufika kule nyuma.

Alikwenda na viatu vilevile. Mke wa Slavoljub, Zagorka, alimzuia mlangoni. "Vua hivyo! Umekuja kunikaangia sakafu?"

"Sivui. Nataka avione." Akamgeukia Slavoljub aliyekaa mezani. "Bodi ilikuwa juu nami nikapima. Nisamehe."

Kwao jibu la neno hilo ni moja tu, lakini Slavoljub hakulitoa. "Umeongeza kiasi gani?"

"Dumu zima."

"Lile la Tihomir?"

"Lile."

Akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Vidosava alidhani analia, na labda alikuwa analia kidogo. "Marehemu angekufa mara ya pili!" alisema akicheka. "Nami niliacha bodi juu nisikwambie. Nilidhani unajua, unavyopima kila siku kama padri na chetezo!"

"Nilijifunzia dirishani tu."

"Mungu akusamehe, shemeji. Nami nisamehe."

"Mungu akusamehe."

"Haya, lete dumu safi na mpira tuinyonye iliyozidi. Ambayo haijagusa udongo bado ni ya Tihomir."

Alfajiri ya sikukuu walilisimamisha trekta mahali tambarare, bodi chini. Vidosava alijipiga ishara ya msalaba, akachomoa, akafuta, akachovya, akainua. Oili ilisimama katikati ya alama mbili.

"Enhe?" Slavoljub aliuliza.

Vidosava alibana midomo kujaribu mluzi. Ukatoka upepo mtupu. Akamwachia ufunguo, akafunga kitambaa chake cha kichwa, akashika njia ya kanisani. Hakuwa amefika mbali aliposikia trekta likitoka langoni, na juu ya mngurumo wake, mtu akimpigia mluzi ule.