Kulabu Mbili za Mdudu wa Kalungwishi

Kuna mdudu anayeitwa kwa jina langu. Nikisema hivyo watu wa Nchelenge hudhani nimelewa, kwa hiyo afadhali nieleze yote, pamoja na sehemu zisizonipendeza.

Mwaka 1955 nilikuwa msaidizi katika kituo cha kuchunguza samaki, hapa kando ya ziwa Mweru. Kazi yangu ilikuwa kupasua matumbo ya samaki na kutambua wadudu waliomezwa. Niliifanya kwa maringo. Koti jeupe nililivaa hata sokoni, na kioo cha kukuzia nilikining'iniza shingoni hata kanisani. Mtu akiniuliza ni cha nini, nilimweleza mpaka akakoma kuuliza maswali mwaka mzima.

Mdudu mwenyewe ni mdudu wa mawe. Akiwa mchanga huishi chini ya mawe, penye maji yaendayo kasi. Ana mikia miwili, kila mguu una kucha mbili, na makwapani ana vishungi vya nyuzi nyeupe vya kuvutia pumzi. Akikomaa hutoka majini na kukunja mabawa yake bapa mgongoni. Hayo ni rahisi. Lakini kujua ni wa aina gani hasa, sharti umpate dume, umgeuze, utazame ncha ya tumbo. Majike hufanana mno. Dume ana kulabu juu ya pingili ya mwisho, na chini yake uume wenye miiba, na kila aina ina kulabu zake na miiba yake. Siri yote iko nyuma.

Bwana Harrop, mkubwa wa kituo, alikuwa na jike mmoja aliyetoka tumboni mwa samaki wa mto Kalungwishi. Hakuwahi kuona wa namna ile. Alikuwa anarudi kwao mwisho wa Oktoba, akasema dume akipatikana kabla ya hapo, wakubwa wa Uingereza watampa mdudu jina la mtu aliyemkamata. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilitaka jina langu liingie kitabuni. Kalaba, mtoto wa mshona nyavu!

Tatizo ni kwamba aliyeishi karibu na maporomoko ya Kalungwishi, penye maji ya kasi, na angeweza kunikamatia, alikuwa mama mkwe wangu, mama wa mke wangu Mable. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe, hasemi naye, wala hatamki jina lake, mpaka siku wakwe watakapompikia na kumwingiza rasmi nyumbani mwao. Mimi nilikuwa bado. Tulipokutana njiani nilijitupa kichakani, mimi na baiskeli yangu.

Basi nikamtuma Mable ampelekee mama yake chupa za spiriti na mchoro wa dume, mkubwa, ukurasa mzima. Nilichora macho madogo mawili ya kwenye paji, nikachora kila mshipa wa bawa. Nilipofika nyuma, mkono ukakataa. Mimi nimchoree mama mkwe kitu kile? Nikaacha ncha ya tumbo laini kama kijiko.

"Hapa mbona hapana kintu?" Mable akauliza.

"Ataelewa," nikasema.

Baada ya wiki mbili chupa zikarudi zimejaa wadudu zaidi ya mia mbili. Wote majike. Mama mkwe alikuwa amefuata mchoro wangu bila kukosea hata mara moja. Bwana Harrop aliponiuliza kumetokea nini, nikamjibu kwamba wanawake hawaelewi sayansi. Naam, nilisema hivyo, na koti langu jeupe likiwa limefungwa vifungo vyote.

Mable akaniletea ujumbe: "Mama anasema kulikuwa na bengine, biko na bintu ku nyuma. Alibitupa. Ku karatasi yako habikukuwa, na yeye aliona haya kutumia mupongoshi bintu bya vile."

Mupongoshi, yaani mkwe, alikuwa mimi. Zilibaki siku sita Bwana Harrop aondoke. Nikapiga moyo konde, nikampakia Mable kwenye baiskeli, tukaenda.

Mama mkwe alikuwa mtoni, akigeuza mihogo aliyoiloweka. Nikakaa juu ya jiwe nikimpa mgongo. Naye akakaa akinipa mgongo. Mable alisimama katikati akibeba maneno kutoka kwangu kwenda kwake, kisha akachoka.

"Mi hapana telefone yenu," akasema, akaenda kuoga.

Nikabaki na mto. Kusema na mama mkwe ni mwiko, lakini hakuna aliyekataza kusema na mto.

"Weye muto," nikasema, "mi natafuta mududu mwanaume."

Mto ukajibu kwa sauti ya mama mkwe: "Alama yake ni nini?"

"Iko na... ku nyuma..."

"Muto hausikii. Sema nguvu."

"Iko na kintu yake ya bwanaume!" nikapiga kelele, mpaka wanawake waliokuwa wakifua kule chini wakasimama kutazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ah," mto ukasema, bila haraka. "Njo ile ya kulabu mbili, moja refu, moja fupi? Inalala chini ya majani ya matete, asubui, mbele ya jua kupanda. Sasa juu ya nini ulichora ile ya kike?"

Mimi nilihitaji kioo na darubini ya mezani kuziona kulabu zile. Yeye alikuwa ameziona kwa macho matupu, akazipima, akajua na mahali wanapolala. Kesho yake alfajiri alikamata madume manane, akanipitishia mmoja mmoja juu ya bega bila kugeuka, nami nikawapokea bila kugeuka.

Bwana Harrop alipoinama kwenye darubini alipiga ukelele wa furaha. Kisha akachukua kalamu na kibandiko cha chupa, akaniuliza nani amewakamata.

Nikafungua mdomo. Ni kweli jina la mama mkwe halitamkwi. Lakini Kalungwishi yote ilimwita Bana Mable, mama yake Mable, na jina hilo halijawahi kukatazwa na mtu. Lilikuwa ulimini kabisa.

"Bwana," nikasema, "mila yetu hainiruhusu kumtaja."

Alipendezwa sana. Aliiandika mila hiyo kwenye daftari lake, kisha akaandika jina langu kwenye kibandiko. Sijawahi kuheshimu mila kama siku ile.

Barua kutoka Uingereza ilifika mwaka 1957. Jina la Kilatini lilikuwa *kalabai*. Nilimsomea kila mtu, hata wale waliokuwa wakinikimbia. Mwezi uleule wakwe wakanipikia. Nyumba ilijaa, vyungu vikafunuliwa, na kwa mara ya kwanza nikamtazama mama mkwe usoni. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye mwanya, na macho yake yalikuwa yakicheka tayari.

"Mupongoshi," akasema, "banasema mududu iko na jina yako."

"Ndiyo, mama."

"Na bazungu, juu ya kujua kama ni Kalaba ya kweli, banafanya namna gani?"

"Banamugeuza, mama."

"Na banaangaria fasi gani, upande gani?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mable alilia machozi. Nami nikacheka, maana ningefanya nini. Lakini yule mama alikuwa amenikalia karibu, akinichagulia mnofu wa samaki usio na miiba. Nikaona aibu ya kweli, si ile ya mchoro.

"Mama," nikasema, "jina lilipaswa kuwa lako. Muzungu aliniuliza. Nilisingizia mila kwa makusudi."

Yeye aliendelea kuchambua samaki.

"Nilijua," akasema. "Kula, mupongoshi. Samaki iko napoa."