Pipa la Matumbo ya Mbuta

Uvundo ndio uliomwamsha Selpha, si jogoo, na kabla hajafumbua macho vizuri alikuwa ameshaanza kumlaani aliyeuleta. Mtu asidhani ulikuwa uvundo wa samaki tu. Samaki Selpha alizaliwa nao na kulelewa nao pale Asembo Bay, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikianikwa juani kwake ilikuwa harufu ya nyumbani. Huu ulikuwa mwingine kabisa. Ulikuwa wa matumbo na matamvua ya mbuta, yaani sangara wakubwa wa ziwani, yaliyolowekwa kwa maji na jivu ndani ya pipa, yakafunikwa gunia na kuachiwa jua liyapike. Uliingia dirishani, ukakaa kwenye blanketi, ukaifuata chai hadi kikombeni. Selpha aliinua kikombe, akakishusha bila kunywa, akatema mate nje ya mlango.

Mwenye pipa alikuwa Metrine, mke mdogo. Mume wao, Dalmas, alimpata kule Bungoma siku zile alipokuwa bado kazini reli, na walipompunguza kazi akarudi nyumbani na sanduku moja, redio mbovu na mwanamke wa Kibukusu mwenye sauti ya chini. Kwao Metrine, kwenye miteremko ya Elgon, watu walilima kitunguu saumu. Alipoona kile kipande cha ardhi karibu na maji ambacho hakuna aliyekilima, aliomba akijaribu. Dalmas alikubali, lakini kwa sharti: msimu mmoja tu. Vitunguu visipofunga vichwa vya kuuzika hotelini Kisumu, kipande kingekodishwa kwa Walter, mchuuzi wa samaki, aliyekitaka kwa kuanikia omena. Metrine hakuwa na shamba lingine. Alikuwa na kipande hicho na mtoto mgongoni, basi.

Selpha ndiye aliyekuwa mikaye, yaani mke wa kwanza, na katika boma la Wajaluo mikaye ndiye mwenye kuanza. Yeye ndiye hutupa mbegu ya kwanza na kuvuna suke la kwanza, na wengine hufuata. Anayemruka huita chira, ile balaa inayomkausha mtu taratibu hata mbavu zake zihesabike. Kwa hiyo mvua za vuli ziliponyesha, mwaka ule wa tisini na tatu, Metrine alikuja kumwita kwa heshima zote. Selpha alishuka hadi kule chini, akachomeka punje ya kwanza kwa ncha za vidole, akavinusa vidole, akakunja uso.

"Na hii ndiyo wazungu wanakula kwa hoteli?" aliuliza. "Yaye! Afadhali walale njaa."

Vitunguu viliota hata hivyo, vikasimama mistari mizuri ya kijani, na kila aliyepita kwenda ufuoni alisimama kuvitazama. Hilo lilimchoma Selpha kuliko alivyotaka kukiri. Kisha ncha za majani zikaanza kugeuka manjano. Metrine alijua dawa yake: vilitaka kulishwa, na vilishwe mapema, vikiwa bado vinakua majani. Akaja kuomba mbolea ya ng'ombe zizini.

"Hiyo ni ya mahindi yangu," Selpha alimjibu, na akamwacha amesimama mlangoni.

Metrine alichukua ndoo, akaenda ufuoni ambako mbuta walikuwa wakipasuliwa kabla ya kupakiwa kwenye lori la barafu, akazoa matumbo yaliyokuwa yakitupwa kwa mbwa na korongo. Alizoa na kubeba, akazoa na kubeba, mpaka pipa lililosimama nyuma ya jikoni kwa Selpha likajaa. Hapo ndipo palipokuwa na kivuli na pipa lenyewe. Lilipochacha vya kutosha, asubuhi moja alikuja tena.

"Mama Dorca, mbolea imeiva. Leo nataka kuipelekea vitunguu."

Selpha alikuwa akipepeta mtama. Aliendelea kupepeta. "Na nani ameanza?"

"Kuanza nini?"

"Mbolea. Unafikiri mbolea inajipeleka tu? Mbegu ninaanza mimi, mbolea ninaanza mimi. Wewe umekuja juzi, hujui mambo ya hapa." Alinyanyua macho na kumtazama mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa mwenzake. "Ukiniruka, chira itaanza na huyo."

Ulikuwa uongo. Tangu aolewe, Selpha hakuwahi kuanza mbolea hata siku moja. Kila mtu alizoa samadi alipotaka na kuipeleka alikotaka. Lakini hakuna mtu pale ambaye alikuwa amewahi kulisha kitunguu saumu, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpinga. Metrine aliushika mguu wa mtoto kwa nyuma, akaubana, akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Basi utakuja lini?"

"Ngoja nitakwambia."

Loo, lilivyokuwa tamu hilo neno! Selpha alilitafuna siku nzima. Kila asubuhi Metrine alikuja kuuliza, na kila asubuhi Selpha alikuwa na sababu. Leo mgongo unauma. Leo ni mkutano wa akina mama kanisani. Leo kuna matanga Bondo. Ngoja.

Sasa hebu fikiria upumbavu wa mwanamke huyu. Pipa lile lilikuwa nyuma ya jiko lake yeye, na kadiri alivyomngojesha mwenzake ndivyo alivyozidi kulifuga. Nzi walihamia. Walikaa juu ya sufuria, juu ya ugali na kwenye pembe za macho ya mbuzi. Funza walipanda ukingoni mwa pipa wakamwagika upande wa pili, weupe na wanene, na kuku wakakimbia kuwagombania. Tangu siku alipoyaona hayo, Selpha hakuweza tena kula yai. Mchana kenge alipanda kutoka ziwani, akaja kulilamba pipa bila haya, akamtazama Selpha na kuutoa ulimi. Hata Dalmas, mtu wa kula chochote kilicho mbele yake, alisukuma sahani jioni moja akasema nyumba hii inanuka kama maiti. Akahamia kula kwa Metrine, ambako upepo wa ziwani haukuufikisha uvundo.

"Ondoa hii takataka yako nyuma ya jikoni langu!" Selpha alimfokea Metrine kesho yake.

"Pipa imejaa, Mama Dorca. Haiwezi kubebwa kama haijamwagwa. Na kumwaga ni mpaka uanze."

Selpha alitaka kumpiga kofi, lakini angempigia nini? Mwenzake alikuwa akitii tu. Kinyaa kilimjaa kooni, kinyaa cha pipa, cha Metrine, cha mume anayefuata sahani kama mbwa, na akarudi ndani kufunga dirisha.

Ujumbe kutoka kwa wakwe ndio uliomvunja. Watu wa yule kijana aliyemposa Dorca, binti yake mkubwa, walituma neno kwamba wangekuja Jumamosi na ng'ombe wa kwanza. Wageni wale wangekaa wapi? Wangekula nini, na nzi wale? Alhamisi asubuhi hakungoja Metrine aje. Alijifunga leso puani, akachukua kopo la Kimbo na ndoo, akaenda nyuma ya jikoni, akalifunua gunia.

Juu palikuwa na utando wa kijivu, unaotikisika. Aliupasua kwa kopo, na kilichokuwa chini kikapumua. Tope la rangi ya nyongo lilimrukia kifundoni mwa mkono likateleza hadi kiwikoni, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachojinyonganyonga. Selpha aliangusha kopo, akashika ua na kutapika yote, kisha akatapika na ambayo hayakuwepo. Alipomaliza alijifuta mdomo, akaliokota kopo. Yeye ni mikaye. Alijaza ndoo akiwa amefumba macho, akaibeba mkononi akishuka kwenda shambani, huku Metrine, aliyekuwa amekuja kuuliza kama kawaida, akimfuata nyuma na mtoto na jembe.

Walipofika, Selpha alilichota kopo la kwanza, akaliinua kama alivyoona padri akifanya, ili aliye karibu aone.

"Usimwage," Metrine alisema.

Alichuchumaa, akaufukua udongo taratibu kwa vidole kwenye shina moja. Chini palikuwa na kichwa cheupe, kidogo, kigumu, ambacho tayari kilikuwa kimeanza kugawanyika punje.

"Imeanza kufunga. Ukiilisha saa hii, nguvu yote itaenda kwa majani, na kichwa itaoza. Wakati wake imepita. Imepita hizo wiki mbili za kungoja."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kila asubuhi, Mama Dorca."

"Si ungemwaga tu! Ungenikuta nakukataza wapi? Usiku ningejua?"

"Ulisema itaanza na mtoto."

Hakusema kwa hasira. Selpha alimwona mtoto amekaa juu ya kanga mwisho wa mstari, akitafuna jani la kitunguu na kukunja uso kwa ukali wake. Aliwaza asubuhi zote zile, huyu mwanamke akija na kurudi huku shamba lake likifa taratibu machoni pake, kwa sababu ya neno moja la uongo lililosemwa juu ya ungo wa mtama. Akalirudisha tope la kopo ndani ya ndoo.

"Hakuna chira ya mbolea," alisema. "Nilisema tu."

Metrine alisimama. Alimtazama Selpha, mdomo ukiwa umekunjamana na pua zimebana, vile vile Selpha mwenyewe alivyokuwa akilitazama lile pipa. Kisha akamchukua mtoto wake, akampangusa mdomo, akapanda njia ya nyumbani bila kumpisha.

Pipa Selpha alilimwaga peke yake, ndoo baada ya ndoo, chini ya migomba, hadi Ijumaa jioni. Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa jivu, akajisugua kwa limau mpaka vidole vikawasha. Jumamosi wakwe walikuja na ng'ombe wao, wakampa mikono, na yeye akawa anaivuta yake haraka na kuificha ndani ya leso. Mama mkwe mmoja alinusa kiganja chake kwa siri, akakipangusa kwenye gauni. Selpha alimwona, akatamani ardhi immeze.

Vitunguu viling'olewa baada ya mwaka mpya. Vilikuwa vidogo, vikavu, vingine havikuzidi gololi. Dalmas alikiviringisha kimoja kiganjani, akacheka kwa pua.

"Nilisema msimu moja. Nitaongea na Walter."

Metrine alikuwa akifunga vile vidogo mafungu mafungu kwa kamba ya katani, na mikono yake haikusimama.

"Si yeye aliyeharibu," Selpha alisema. "Ni mimi. Nilimnyima samadi, halafu nikamdanganya kwamba mbolea inaanzwa na mikaye. Nikamtishia mtoto. Kipande usikichukue, Baba Dorca. Ukikichukua, nitakwenda mwenyewe kumwambia Walter na kila mtu ufuoni kwa nini kilishindwa."

Dalmas alimkodolea macho. "Ulidanganya na chira? Wewe, Selpha? Na nani sasa atakuamini ukisema hii ni ya mikaye na hii si ya mikaye?"

"Sijui," alisema Selpha.

Kipande kilibaki kwa Metrine. Habari ilienea hata hivyo, kwa sababu Dalmas hakuwa mtu wa kuficha kitu akishapata kikombe cha pombe ya busaa, na wanawake kisimani walijifunza kunyamaza Selpha alipofika.

Mvua za vuli zilizofuata zilianza usiku. Asubuhi Selpha aliamka mapema, akanawa miguu, akajifunga leso safi na kukaa mlangoni, kwa kuwa mbegu si mbolea, na mbegu huanzwa na mikaye. Hilo halikuwa uongo, hilo lilikuwapo tangu enzi za babu zake. Jua lilipanda. Chai ilipoa. Alipoona kimya kimezidi, alitembea hadi ukingoni mwa boma akatazama kule chini. Metrine alikuwa ameinama, sketi imepandishwa magotini, akichomeka punje moja baada ya nyingine, na tayari alikuwa katikati ya mstari wa tatu.

Selpha aliinua mkono apige kelele, akaushusha. Kisha alirudi, akafungua leso yake safi, akaikunja na kuiweka ndani ya sanduku.